Nyumba ya Kasiani

Watu wa Bigwa walikuwa wakimcheka Kasiani kwa sababu alikuwa na tabia ya kuiaga nyumba yake. Akitoka asubuhi na msumeno begani, alifunga mlango, akagusa mwimo kwa kiganja, akasema, "Haya, mimi nakwenda." Ndani hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Wapita njia waliokuwa wakiteremsha ndizi sokoni walimsikia, wakaenda kusimulia huko chini, na habari ilipofika Morogoro mjini ilikuwa imeshatiwa chumvi kwamba eti nyumba nayo humjibu.

Wacha wacheke. Wengi wao walizaliwa katika nyumba za mama zao na hawakuwahi kuziwazia hata siku moja. Kasiani hakujua alizaliwa wapi. Mapadri walimkomboa Bagamoyo akiwa mtoto wa kubebwa, kutoka mikononi mwa watu waliomleta pwani na msafara, na hakuna aliyekumbuka kuuliza jina la mama yake wala la kijiji. Alichokumbuka ni harufu ya mgongo wa mtu, moshi na mafuta ya nyonyo, na hata hilo hakuwa na hakika nalo. Akalelewa misheni, akafundishwa sala na useremala, na alipokuwa kijana akahamishiwa misheni ya Morogoro. Kitanda kilikuwa cha misheni, blanketi la misheni, bakuli la misheni. Siwezi kusema aliteswa, maana alishiba na alivaa. Lakini kila alipolala palikuwa na mtu mwenye haki ya kumwambia ahame, na kila alipoambiwa alihama.

Ule mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro, mbao zilitakiwa kila mahali, naye akapanda mlimani kupasua magogo. Mvua ikamkuta juu ya Bigwa. Akajibanza chini ya jiwe, na ilipokatika akatoka, akajikuta kwenye kipande cha ardhi tambarare katikati ya mteremko, kikubwa cha kutosha nyumba na bustani. Nyuma yake mlima ulipanda ukaingia kwenye ukungu. Mbele, chini kabisa, aliona mapaa ya stesheni, na ng'ambo Mlima Mindu ulikuwa umeoshwa na mvua. Kijito kilipita ubavuni kikipiga kelele zake. Kasiani alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, akalia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mteremko ule ulikuwa wa ukoo wa Mzee Mloka. Huku Uluguru ardhi huenda kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, anarithi kwa mama yake, na mjomba mkubwa ndiye anayegawa. Mzee Mloka alimsikiliza mgeni yule, akaitazama mikono yake yenye sugu, akamwazima kile kipande. Ajenge, alime mahindi na maharage, na kila mavuno alete ngoto, yaani kuku na kibuyu cha pombe, ili watu wakumbuke kwamba ardhi ina wenyewe. Kasiani alikubali kila neno. Kulikuwa na neno moja ambalo mzee hakulisema, maana hakuna Mluguru anayehitaji kuambiwa: ardhi ya kuazima hupandwa mahindi, haipandwi mti.

Nyumba aliijenga taratibu, jioni na Jumamosi, na alipomaliza ilikuwa na mlango wa mninga, madirisha yanayofunga vizuri, na kibaraza cha kukalia mtu mmoja na mgeni wake. Mgeni wa kwanza alikuwa Felista, mpwa wa Mzee Mloka. Njia yake ya kwenda mtoni ilikuwa ikipita pale pale palipojengwa nyumba, na badala ya kuzunguka aliendelea kupita katikati ya uwanja, na mtungi kichwani, akiuliza kwa sauti ya heshima ya uongo kama mwenye nyumba ameamka salama. Kasiani hakuwahi kuitwa mwenye nyumba. Siku ya kwanza alishindwa kuitika. Siku iliyofuata aliitika kabla hajaulizwa, na Felista akacheka mpaka maji yakamwagika begani.

Nisizunguke, walipendana. Kwa miezi walikaa kwenye kile kibaraza, yeye akichonga kitu, Felista akichambua maharage, mlango wazi ili anayepita aone kwamba hakuna linalofichwa. Wangeweza kutazamana mpaka maharage yakachambuliwa mara mbili. Felista alikuwa na macho ya mtu anayekaribia kukutania, na alipoyatuliza, Kasiani alisahau alichokuwa akichonga. Alikuwa kijana wa maneno machache. Aliwahi kumwambia kwamba usiku mvua ikinyesha huamka akasikiliza paa, akajua halivuji, kisha akakosa wa kumwambia. Felista hakumtania siku hiyo.

Kikwazo kilikuwa mama yake. Mama Bernadeta hakuwa mtu mbaya, na chakula cha Kasiani alikuwa akikiweka kando mara nyingi kuliko alivyokubali kusema. Lakini kumwoza binti yake alikataa katakata. Hoja yake ilikuwa moja, na aliirudia akisaga, akipepeta na akitoka kanisani: mkwe asiye na mjomba, siku akinikosea, nitamshitaki kwa nani? Ndoa mlimani ni ya watu na watu. Mtu mmoja peke yake, hata awe mzuri vipi, hana wa kumkanya.

Basi Kasiani, ambaye ile desturi ya miti hakuijua wala hakuambiwa, akaiharibu habari yake kwa mikono yake mwenyewe. Felista alikwenda Matombo kumuuguza ndugu yao, na nyumba ikawa kimya kupita kiasi. Ili ajiliwaze, na ili arudipo akute kitu kipya, Kasiani aliomba miche ya michungwa misheni, akaipanda kuizunguka nyumba, akaijengea vizimba vya fito mbuzi wasiile. Misheni walimfundisha kwamba nyumba ya mtu mwenye adabu ina kivuli na matunda. Aliimwagilia huku akiimba.

Mama Bernadeta ndiye aliyeiona, akitoka kuni. Aliutua mzigo pale pale njiani, akaenda kwa kaka yake bila kuni.

*

Mzee Mloka alimwita nyumbani kwake. Hakumgombeza. Alimweleza, kwa upole ambao ulimtisha Kasiani kuliko matusi, kwamba mahindi hudumu msimu mmoja na mwenye kuazima huondoka nayo, lakini mchungwa utamzika aliyeupanda, na kwa hiyo mtu akipanda mti amesema mbele ya mlima mzima kwamba hapa ni pake. Kasiani akasimama, akasema anakwenda kuing'oa sasa hivi. Mzee akamwambia kaa.

"Ukiing'oa haitasaidia, watu wameshaiona," alisema. "Wanasema ukoo wa Mloka umekwisha, wageni wanaupandia miti. Na si waongo sana. Wapwa wangu wa kiume ndui iliwafagia wote. Katika tumbo letu nimebaki na dada yangu Bernadeta na binti yake. Mimi nikifa, mteremko huu hauna mwanamume wa kuusimamia."

Kisha akamwekea njia mbili, polepole, akihakikisha kila moja imeeleweka. Ya kwanza, amwoe Felista. Yeye mjomba angemlainisha dada yake. Miti ingekuwa ya Felista, na nyumba ya Felista, kwa kuwa ardhi ni ya ukoo wake, na Kasiani angekaa humo kama wanavyokaa waume wote. Hata yeye mwenyewe Mzee Mloka, mgawaji wa mteremko wote ule, nyumba anayolala ni ya mkewe. Alilisema hilo akicheka.

Ya pili, Kasiani aingie katika ukoo. Mama Bernadeta angempokea kuwa mwanawe mbele ya wazee, na tangu siku hiyo angekuwa wa tombo lao, yaani amenyonya ziwa walilonyonya wao. Nyumba ingekuwa yake, miti yake. Hakuna ambaye angeweza kumwambia ahame, hai wala maiti, na siku ya kufa angezikwa pale pamoja nao. Mzee akifa, yeye angesimamia ardhi.

"Bernadeta anakubali?" Kasiani hakutaka kuamini, akauliza vibaya, akajisahihisha. "Mama Bernadeta anakubali?"

"Amelitaja yeye kabla yangu. Mkwe asiye na mjomba hamtaki. Mwana ni kitu kingine, mjomba wake si mimi hapa?" Mzee akamwinamia. "Ila unaelewa, kijana. Ukiwa mwana wa Bernadeta, Felista ni dada yako. Hakuna anayeoa tumbo lake. Nenda kafikiri. Jumapili baada ya misa uje unijibu."

*

Felista alirudi kutoka Matombo siku iliyofuata na habari zilimpokea njiani. Hakupitia kwao. Alimkuta Kasiani kijitoni akiosha msumeno ambao haukuwa mchafu, akakaa juu ya jiwe upande wa pili wa maji, na kwa muda walitazamana tu, kwa kuwa walikuwa hawajaonana muda mrefu na macho yalikuwa na njaa. Alikuwa amekonda kidogo kwa kuuguza. Kasiani alitamani kuvuka yale maji na hakuvuka.

"Mjomba amesema umepewa njia mbili," Felista alianza. Uso ulikuwa unacheka. "Mimi nimezihesabu nikaona moja."

Kasiani aliinama akaendelea na msumeno.

"Umemjibu nini?"

"Amenipa mpaka Jumapili."

"Sikuuliza amekupa mpaka lini."

"Sijamjibu, Felista."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliyatazama maji. Mwanamke anaweza kusamehe mengi, lakini kusikia kwamba umewekwa kwenye mizani na nyumba, na mizani bado inacheza, hilo linauma hata kama nyumba yenyewe ni nzuri.

"Ni nyumba ile ile," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mlango ule ule uliouchonga. Itaitwa yangu, sawa, lakini utalala wewe, utakula wewe. Unadhani nitakuja kukupigia mafumbo kila asubuhi kwamba uko kwangu?"

"Hapana."

"Basi nini? Nani atakuhamisha? Mimi?"

"Wewe hapana. Najua."

"Nani, mama? Mama maneno yake ni mengi lakini roho yake unaijua."

"Ukifa," alisema Kasiani.

Felista alicheka kwa sababu alidhani ni utani, kisha akaona si utani.

"Mke wa Severini amekufa masika haya," Kasiani aliendelea. "Mimi ndiye niliyechonga jeneza. Walipomaliza matanga nilimwona Severini akichukua mkeka wake na jembe lake, akateremka. Hakuna aliyemfukuza, walimsindikiza vizuri tu. Watoto wakabaki, nyumba ikabaki. Ameishi humo tangu ujana."

"Severini amekwenda kwao Kibungo. Dada zake wamempa shamba. Ndivyo ilivyo, Kasiani. Hata baba yangu alipokufa walikuja watu wake wakamchukua, wakaenda kumzika kwa mama yake. Ndivyo ilivyo kwa wote."

"Ndivyo alivyoniambia mjomba wako, na nikamwamini. Wote mnakaa hivyo na mnacheka, kwa sababu kila mmoja akifiwa ana pa kurudi. Severini amerudi kwa mama yake. Baba yako amerudi kwa mama yake, hata akiwa maiti." Aliuweka msumeno chini. "Mimi nitarudi kwa mama gani?"

Felista alikuwa msichana wa majibu. Alikuwa na jibu kwa padri, kwa mjomba, kwa vijana wa sokoni. Hapa jibu lililokuwepo lilikuwa la uongo. Angeweza kudanganya, na pengine msichana mwingine angedanganya, lakini alimpenda mno.

"Nitaishi sana," alisema. "Bibi yangu aliishi mpaka akasahau majina yetu."

Kasiani akatabasamu, na tabasamu lile lilimwumiza Felista kuliko maneno yote.

"Sasa na wewe nisikilize," alisema. "Ukiwa kaka yangu, nitaolewa. Sitakaa. Siku mahari itakapokuja, wewe ndiye utakayekaa na mjomba kuipokea. Utaihesabu. Utamuuliza huyo mwanamume kama atanitunza. Na wanangu wakipita pale uwanjani kwako watakuita mjomba. Umeyafikiria hayo?"

"Nimeyafikiria. Sijalala."

"Na bado hujamjibu."

"Nakupenda, Felista."

"Najua unanipenda. Nimekuuliza kama umejibu?"

Felista alisimama, akapangusa majani kwenye kaniki yake, na machozi aliyoyazuia muda wote yakamshinda. Alisema kwamba hatamwomba. Hatamchagulia, na asithubutu kumchagua yeye kwa huruma, eti kwa kuwa analia, maana mume wa huruma hamtaki. Halafu akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe hakupita uwanjani. Alizunguka kwa juu, kwenye miiba.

*

Siku zilizobaki mpaka Jumapili zilikuwa mbaya. Ukungu ulishuka mlimani ukakaa. Kasiani hakwenda kazini. Alikaa kibarazani, na hakukuwa na sauti ila kijito, na mara moja moja honi ya gari la moshi kutoka huko chini, ambayo mlimani husikika hafifu na kumfanya mtu ajione ameachwa. Aliitazama ile michungwa iliyomwingiza matatani. Ilikuwa imeshika vizuri.

Felista naye hakuwa na nafuu. Njia ya kwenda shambani ilimpitisha kwenye nyumba iliyokuwa ya Severini, akawakuta watoto wake wanakula uwanjani, wazima, wamenenepa, na mdogo akamwambia bila kuulizwa kwamba baba amesafiri. Alisimama pale muda mrefu. Jioni, akimsaidia mama yake kupepeta, alimuuliza kama ingetokea yeye Felista akafa akiwa ameolewa na Kasiani, je, mama angemwacha mwanamume yule akae katika nyumba?

Mama Bernadeta aliushusha ungo. Alimtazama binti yake, na nadhani hapo ndipo alipojua kiasi cha mapenzi yale.

"Mimi ningemwacha," alisema. "Kwa nini nimtoe? Lakini mimi nami nitakufa, mwanangu. Watakaokuja nyuma yangu, wa ukoo wetu walioko Kibungo na Matombo, hao hawatamjua. Wataona mzee wa watu wengine amekaa kwenye ardhi yao."

"Watamtoa."

"Watamsindikiza vizuri," alisema mama yake.

Felista akaendelea kupepeta.

Jumamosi, jua likizama nyuma ya Mindu, Kasiani alipata jibu lake. Halikuja kwa kufikiri, kwani kufikiri alikuwa amemaliza. Aliingia ndani kuwasha moto, akalitazama paa, kuta alizozikandika, mlango wa mninga, akajaribu kujiona mzee humo ndani, salama, na hakuna wa kumhamisha, huku nje mtoto wa Felista anapita akisema shikamoo mjomba. Akaona hawezi. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi. Alikuwa amedhani anaipenda nyumba kwanza na Felista baadaye; kumbe tangu siku ile ya mtungi hakuwahi kuiwazia nyumba bila yeye kupita uwanjani. Akifiwa atalala njiani. Watu wamelala njiani. Atakuwa ameishi naye, na hilo hakuna atakayekuja kulidai.

Usiku ule alilala usingizi mzito, na asubuhi alivaa shati lake jeupe na kukariri maneno. Mzee wangu, nimefikiri. Naomba mnipe Felista. Nyumba iwe yake. Alikuwa akiyarudia hata padri alipokuwa akihubiri, na sidhani kama Mungu alichukia.

*

Baada ya misa wazee wa ukoo walikusanyika uwanjani kwa Mama Bernadeta. Kwao mahali pa kukaa ni habari kamili: wenyeji hukaa upande wa ukuta, chini ya paa, na wageni, hata wakwe wa miaka mingi, hukaa upande wa njia. Mzee Mloka alikuwa kwenye kigoda chake. Mama Bernadeta alikuwa mkekani na sahani ya ugali mbele yake, imefunikwa, maana chakula kingehitajika kwa njia yoyote ile. Felista hakuonekana. Alikuwa jikoni, na kutoka mlango wa jikoni njia yote ya kupandia huonekana.

Kasiani alipanda haraka. Wale waliomwona siku ile walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona na uso kama ule, uso wa mtu anayekwenda kuposa. Alisimama upande wa njia, upande wa wakwe, hakusubiri kuelekezwa. Akawaamkia wazee, nao wakaitikia. Mzee Mloka akamuuliza kama amefikiri, akasema ndiyo, amefikiri. Mzee akamwambia basi tunakusikiliza.

Akavuta pumzi.

Felista alitoka jikoni amebeba kigoda. Alikuja karibu anakimbia, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee, akapita katikati ya watu mpaka ukutani, akakiweka kigoda kando ya mkeka wa mama yake. Kisha akageuka. Macho yalikuwa makavu.

"Usisimame huko kwa wageni," alisema, kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Njoo ukae huku kwenu, kaka."

Mzee Mloka alimtazama mpwa wake, akaelewa, akainamisha kichwa. Neno la namna hiyo, likitamkwa na binti wa nyumba mbele ya wazee wake, halitenguliwi. Kumposa msichana aliyekuita kaka mbele ya ukoo wake ni kumtukana yeye na kuwatukana wote waliokaa pale.

Kasiani alikuwa bado amefungua kinywa. Maneno yalikuwa ulimini, yote, kwa mpangilio aliouweka, na hapakuwa tena na mtu wa kuambiwa. Alimtazama Felista. Alimwona anajua. Alikuwa ameuona uso wake tangu anapanda, akajua anakuja kuchagua nini, na ndiyo sababu alikimbia. Felista hakuyakwepa macho yake. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemsihi mwenzake asiharibu kitu.

Akavuka uwanja. Ulikuwa uwanja mdogo, lakini alichukua muda kuuvuka. Akakaa kwenye kigoda, chini ya paa, na wanawake wa ukoo wakapiga vigelegele, na Mzee Mloka akawatangazia waliokuwepo kwamba dada yake amepata mwana na yeye amepata mpwa, na kwamba nyumba ile ya juu na miti yake ni ya Kasiani, na asiyependa aseme leo. Hakuna aliyesema.

Mama Bernadeta alifunua sahani. Alimega tonge, akalifinyanga, akalichovya, akamlisha kwa mkono wake kama anavyolishwa mtoto. Kasiani akala. Ndipo mama yule akaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye shati jeupe, akamsogelea, akamuuliza polepole, wengine wasisikie.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Sijazoea, mama," alisema.

Neno hilo, mama, bila jina la kulifuata, hakuwahi kumwita mtu yeyote maishani mwake, na alilisema huku akimtazama Felista anarudi jikoni.